Namba ya Siri Inakaguliwa Wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, watunza kumbukumbu, wahasibu, wauguzi, mawakili na ndugu zangu wa vitengo vya TEHAMA, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie flashi zenye usimbaji fiche ndani yake, yaani zile ambazo kazi ya kugeuza data kuwa kitu kisichosomeka hufanywa na chipu iliyomo ndani ya flashi yenyewe, si na programu ya kompyuta. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu ukumbini humu wamekaa watu ambao kila siku hubeba siri za watu wengine. Majibu ya vipimo vya damu. Orodha za mishahara. Maelezo ya shahidi ambaye bado ni mtoto. Wenye siri hizo hawapo hapa. Hawakuulizwa taarifa zao zibebwe kwenye kifaa gani, na kifaa kikipotea huenda wasijue mpaka siku mtu wasiyemfahamu atakapowapigia simu na kuwatajia ugonjwa wao. Kwangu mimi hili ni suala la haki kwanza, ufundi baadaye.

Nianze na tukio la London. Oktoba 2017 mpita njia aliokota flashi barabarani, magharibi mwa jiji hilo. Akaenda maktaba, akaichomeka kwenye kompyuta, ikafunguka. Haikuwa na nenosiri wala usimbaji. Ndani kulikuwa na folda 76 na mafaili zaidi ya 1,000 ya uwanja wa ndege wa Heathrow, yakiwamo yenye taarifa binafsi za watumishi wa usalama. Baadaye flashi hiyo ikafika gazetini. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliutoza uwanja huo faini ya pauni 120,000, na uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya wafanyakazi wake 6,500, ni asilimia 2 tu waliokuwa wamepata mafunzo ya kulinda taarifa binafsi.

Faini tuiache. Angalieni alichofanya yule mpita njia: aliokota, akachomeka, akasoma. Hakuwa mdukuzi na hakuhitaji kuwa mdukuzi. Miaka tisa kabla ya hapo, Agosti 2008, nchi hiyo hiyo ilikuwa imeshapata funzo kubwa zaidi. Wizara ya Mambo ya Ndani ilimpelekea mkandarasi wake taarifa za wafungwa wapatao 84,000 wa England na Wales, na ilizipeleka kwa njia salama. Kule zilikofika, mfanyakazi akazinakili kwenye flashi ya kawaida isiyo na kinga, na flashi ikapotea. Safari nzima ililindwa, hatua ya mwisho ikaachwa wazi. Na hatua ya mwisho mara nyingi ni flashi, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kutoa kitu kwenye mashine hii na kukiingiza kwenye ile bila kumsumbua mtu yeyote.

Wapo wanaoniambia: mimi sina wasiwasi, nikimaliza kazi nafuta. Ndugu zangu, kufuta kwenye flashi si kufuta. Unapobofya pale, kinachoondoka ni jina la faili kwenye orodha. Yaliyomo yanabaki kwenye seli za kumbukumbu mpaka siku sehemu ile itakapohitajika kwa kitu kingine. Programu za kurejesha mafaili, ambazo nyingine ni za bure, zinafanya kazi kwa sababu hiyo. Na hata ukiamua kuandika juu yake kwa makusudi, chipu inayoongoza kumbukumbu za aina hii huweza kuyahamishia maandishi mapya kwenye seli nyingine ili seli zote zichakae kwa usawa. Nakala ya zamani inasalia mahali ambapo kompyuta yako haina hata njia ya kupaona. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizijaribu kwenye diski za SSD, zenye kumbukumbu za aina hii hii, mbinu zilizozoeleka za kufuta faili moja moja kwenye diski za kizamani, na hakuna hata moja iliyofaulu. Kwa hiyo kama kitu hakikusimbwa tangu dakika ya kwanza kilipoandikwa, chukulieni kwamba bado kipo.

Sasa tazameni hii niliyoshika. Ni flashi, ndefu kidogo kuliko za kawaida. Usoni ina vitufe vya namba kuanzia 0 hadi 9, kitufe kimoja chenye alama ya ufunguo, na taa ndogo. Ina betri yake ndani. Sijaichomeka popote. Nabonyeza kitufe cha ufunguo, taa nyekundu inawaka. Naandika namba ya siri, nabonyeza ufunguo tena, na sasa taa ya kijani inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Hapo nina nusu dakika ya kuichomeka kwenye kompyuta, nikichelewa inajifunga. Nikiwahi, kompyuta inaona flashi ya kawaida. Haidai kuwekewa programu, haidai ruhusa ya msimamizi wa mfumo, na haijali kama kompyuta ni ya Windows, ya Linux au ni mashine ya maabara yenye kioo kidogo. Nikiichomoa inajifunga papo hapo. Sina cha kukumbuka, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni hakumbuki kitu.

Kinachofanyika ndani ni hiki. Siku kifaa kilipoandaliwa kwa mara ya kwanza, chipu ilijizalishia ufunguo kwa kubahatisha, wenye biti 256. Ufunguo huo hautakiwi kutoka nje ya kifaa hata siku moja. Kila baiti inayoandikwa inasimbwa kwa ufunguo huo ikiwa njiani kwenda kwenye seli, na kila inayosomwa inasimbuliwa ikiwa njiani kutoka. Namba ya siri unayoibonyeza haisimbi data yoyote. Kazi yake ni kuufungua ule ufunguo mkuu, ambao nao umehifadhiwa ukiwa umesimbwa. Ndiyo maana ukibadilisha namba ya siri data haziandikwi upya. Na ndiyo maana kifaa kinaweza kuangamiza gigabaiti 64 kwa mara moja: kinauharibu ufunguo, na kilichobaki kwenye seli ni fujo isiyo na mwenyewe. Hapo lile tatizo la kufuta nililolieleza linaisha, kwa sababu hakuna haja ya kukimbizana na nakala zilizojificha.

Usimbaji unaotumika ni AES. Ulipatikana kwa mashindano ya wazi yaliyoendeshwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ukatangazwa rasmi Novemba 2001. Waliobuni ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Mwaka 2003 serikali ya Marekani iliruhusu utumike hata kwa nyaraka zake za siri kuu, na kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wa dunia nzima wamekuwa wakiushambulia hadharani bila kuuvunja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia bidhaa yake ina “usimbaji wa kiwango cha kijeshi”, bado hajakwambia kitu. AES imo hata kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Mimi nikisoma maneno hayo kwenye boksi, nahisi wanataka nisiulize zaidi. Na swali la kuuliza ni hili: namba ya siri inakaguliwa wapi?

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo penye kiini cha nilichokuja kusema.

Januari 2010 kampuni ya usalama ya Ujerumani iitwayo SySS ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake kuhusu baadhi ya flashi za Kingston, SanDisk na Verbatim. Hazikuwa flashi za kubahatisha. Zilikuwa na AES ya biti 256 iliyofanyika ndani ya chipu, na zilikuwa na cheti cha FIPS 140-2 cha ngazi ya 2, yaani cheti cha Marekani cha vifaa vya usimbaji, ambacho idara za serikali zilikidai kabla ya kununua. Wachunguzi hawakuigusa AES. Walitazama ile programu ndogo inayofunguka kwenye Windows ukichomeka flashi, ile inayokuomba nenosiri. Wakagundua kwamba aliyekuwa akikagua nenosiri ni programu hiyo, ikiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ikiridhika, inaipelekea flashi mfuatano fulani wa herufi wa kuiamuru ifunguke. Na mfuatano huo ulikuwa ule ule siku zote, kwa nenosiri lolote, kwa flashi zote za aina hiyo.

Ni sawa na mlinzi anayekagua vitambulisho barabarani, halafu anampigia kelele bawabu wa ndani kwa neno moja lisilobadilika: fungua. Mwizi akishalijua neno, kitambulisho cha nini?

Wakaandika programu fupi inayoingilia pale kwenye kumbukumbu, na kuanzia hapo nenosiri lolote la uongo likawa linafungua. AES ilibaki nzima, haina hata mkwaruzo. Watengenezaji walihangaika: Kingston ikaomba baadhi ya flashi zirudishwe, SanDisk na Verbatim wakatoa marekebisho ya programu. NIST nayo ikaeleza kwamba tatizo lilionekana kuwa kwenye programu ya kompyuta inayoidhinisha ufunguaji, si kwenye moduli, yaani ile sehemu ya usimbaji, waliyoipa cheti. Maelezo hayo ni ya kweli, na kwa mnunuzi ndiyo yanayotisha zaidi. Cheti kilisema kweli kuhusu kile kilichopimwa. Aliyepoteza flashi alipoteza pia kile ambacho hakikupimwa.

Kwa hiyo mkaguzi lazima akae ndani ya chipu. Nenosiri au namba ya siri iingie kwenye kifaa, chipu yenyewe iipime, chipu yenyewe iamue. Vitufe vya kwenye flashi vinaongeza jambo la pili: namba haipiti kwenye kibodi ya kompyuta kabisa, na programu ya kijasusi inayorekodi kila kitufe unachobonyeza haina cha kurekodi.

Lakini vitufe peke yake si hakikisho. Mwaka 2022 mtafiti wa SySS, Matthias Deeg, alifungua flashi moja ya Verbatim yenye vitufe. Alikuta AES imetumika kwa namna iitwayo ECB, ambayo kila kipande cha baiti 16 husimbwa peke yake. Vipande viwili vinavyofanana vikiingia, vinatoka vikiwa vinafanana. Hali hiyo inavujisha umbo la kilichomo: sehemu zilizo tupu, sehemu zinazojirudia, hata mchoro wa picha isiyobanwa unaweza kuonekana ingawa rangi zake zimevurugika. Namna inayofaa kwa hifadhi ya data ni XTS, iliyowekwa kwenye viwango vya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, mwaka 2007 na kukubaliwa na NIST mwaka 2010. Hiyo inaingiza mahali kipande kilipo kwenye diski ndani ya hesabu, ili vipande vinavyofanana visitoke vikifanana. Muulize muuzaji: ni XTS? Akishindwa kujibu, soma maelezo ya bidhaa, kwa sababu watengenezaji wanaojiamini huliandika jambo hilo humo.

Jambo la pili alilolikuta ni zito zaidi: namba ya siri iliweza kutafutwa nje ya kifaa. Na hapa tufanye hesabu pamoja. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000. Kompyuta ya kawaida inazimaliza zote kwa muda mfupi mno. Sasa weka kihesabu ndani ya chipu, kinachoharibu ufunguo baada ya majaribio 10 yasiyo sahihi. Mwizi anayekisia bila kukujua ana nafasi 10 kati ya 10,000, yaani 1 kati ya 1,000. Ongeza tarakimu ziwe 7: uwezekano unakuwa milioni 10, na nafasi yake inashuka hadi 1 kati ya milioni 1. Namba fupi namna hiyo inaweza kulinda gigabaiti nzima za siri kwa sababu ya kihesabu, wala si kwa sababu ya urefu wake. Kihesabu kikiweza kukwepwa, mtu akaweza kunakili yaliyosimbwa na kukisia pembeni kwa nafasi yake, zile tarakimu 7 hazina maana tena. Kwa hiyo swali langu la kwanza lina mdogo wake: majaribio yanahesabiwa wapi, na je, mtu anaweza kuyarudisha sifuri?

Na ile 1 kati ya 1,000 inakubalika tu kama namba imechaguliwa bila mpangilio. Mwaka wa kuzaliwa ukiwa namba ya siri, anayekufahamu hahitaji majaribio 10. Angalieni pia vitufe vyenyewe baada ya miezi mingi ya matumizi. Vinne vikiwa vimeng'aa kuliko vingine, kifaa kimeshaanza kumwambia mwizi aanzie wapi. Badilisheni namba mara kwa mara, na futeni vitufe kwa kitambaa. Ni jambo dogo lakini lifanyeni.

Kuhusu vyeti nitasema kwa kifupi. FIPS 140 ina ngazi nne. Ngazi ya 2 inataka kifaa kionyeshe alama kama kimefunguliwa, ngazi ya 3 inataka kizuie au kijibu jaribio la kufunguliwa, na ndiyo maana utakuta chipu zimefunikwa kwa gundi ngumu ya epoksi, ukiibandua unazivunja. Toleo jipya, 140-3, liliidhinishwa mwaka 2019, na vyeti vya 140-2 vimepangiwa kuhamia kwenye orodha ya kihistoria Septemba 2026. Anayeandaa zabuni aulizie 140-3. Cheti kina thamani, kitakeni, ila msome kimepima nini.

Sitawatendea haki wenzangu wa programu nikiacha ionekane kwamba usimbaji wa programu ni wa hovyo. Si kweli. BitLocker ya Windows, VeraCrypt isiyo na malipo, LUKS ya Linux, zote ni imara zikitumiwa na nenosiri refu, na ofisi isiyo na bajeti ya vifaa hivi ianze nazo leo hii bila kungoja. Tena mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kasoro kubwa kwenye diski kadhaa za SSD zilizojinadi kuwa zinajisimba zenyewe, na mwaka 2019 Microsoft ikaacha kuziamini kwa chaguo-msingi, BitLocker ikawa inasimba yenyewe. Neno “ndani ya chipu” si uchawi.

Tofauti ninayoiona mimi ni ya namna tatu. Kwanza, faili lililosimbwa kwa programu linaweza kunakiliwa na kukisiwa nje bila kikomo, kwa hiyo nenosiri lazima liwe refu sana, na watu hawapendi manenosiri marefu. Pili, ufunguo hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati wa kazi, na mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo ikipoozwa inaweza kusomwa hata baada ya umeme kukatwa. Tatu, na kwangu hili ndilo linaloamua: usimbaji wa programu unaweza kuahirishwa. Mtu ana haraka, kompyuta ya mwenyeji haina programu, basi anasema leo tu niweke bila kusimba. Yule wa wafungwa 84,000 alikuwa na “leo tu” yake. Flashi inayojisimba haina kitufe cha leo tu.

Sasa mipaka yake, maana nisingependa mtu atoke hapa akidhani amenunua kinga ya kila kitu. Flashi hii inalinda data ikiwa imefungwa. Ukishaifungua na kuichomeka kwenye kompyuta yenye virusi, virusi vinaona kila unachokiona wewe, na vinaweza kunakili chote kwa utulivu wakati wewe unachapisha ukurasa mmoja. Kifaa kizuri kina hali ya kusoma tu: unaiwasha kabla ya kuchomeka kwenye mashine usiyoiamini, na hakuna kitakachoandikwa kwenye flashi yako. Inazuia virusi kupanda, haizuii kuibiwa kilichomo. Hivyo beba kile tu kinachohitajika kwa safari hiyo. Unaenda kuonyesha jedwali moja? Beba jedwali, acha hifadhidata nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine la kiundani. Mwaka 2014 watafiti wa usalama Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba programu dhibiti, yaani ile inayoiendesha flashi kutoka ndani, inaweza kuandikwa upya kwenye flashi nyingi, flashi ikajifanya kibodi na kuanza kuiamuru kompyuta. Waliiita BadUSB. Kinga yake ni programu dhibiti yenye sahihi ya kidijitali, ambayo chipu inakataa kuibadilisha bila sahihi ya mtengenezaji. Liongezeni kwenye orodha ya maswali yenu ya zabuni.

Nije kwa watu, maana kifaa hakijibebi. Juni 2022, mjini Amagasaki, Japani, mfanyakazi wa kampuni ndogo iliyokuwa chini ya mkandarasi wa mji alinakili kwenye flashi taarifa za wakazi wote, watu wapatao 460,000: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, habari za kodi, akaunti za benki. Alizipeleka kwenye mji mwingine kwa kazi ya malipo ya msaada. Baada ya kazi alikwenda kula na kunywa na wenzake, akalala njiani, akaamka begi halipo. Flashi ilikuwa imesimbwa na ina nenosiri, na begi likapatikana siku chache baadaye. Usimbaji ulimpa kila mkazi wa mji ule sababu ya kupumua. Lakini kwenye mkutano na waandishi wa habari, maofisa wakataja hadharani kwamba nenosiri lina herufi na tarakimu 13. Flashi ilikuwa bado haijapatikana! Dunia nzima ikaanza kukisia kwa sauti.

Namwonea huruma yule ofisa, alikuwa anataka kuwatuliza watu. Ndiyo maana kauli ya kutoa siku kifaa kinapopotea iandikwe mapema, kabla hakijapotea: nini kilikuwamo, kilisimbwa kwa namna gani, nani ameshajulishwa, basi. Urefu wa nenosiri, alama zilizomo, nani alilichagua, hayo hayasemwi. Sheria nazo zinaupa usimbaji uzito wake: chini ya kifungu cha 34 cha kanuni za ulinzi wa taarifa za Umoja wa Ulaya, GDPR, taasisi inaweza kuondolewa wajibu wa kumjulisha kila mhusika mmoja mmoja ikiwa data zilizopotea zilisimbwa zisisomeke. Mdhibiti bado atauliza uthibitisho. Rejista yenu ionyeshe kifaa namba fulani kilikuwa cha nani, na kilikuwa cha aina gani.

Hatari ya upande wa pili ni kujifungia nje. Mwaka 2021 gazeti la New York Times liliandika habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aliyekuwa na bitikoini 7,002 ambazo funguo zake zilikuwa kwenye flashi ya IronKey, nayo ni ya kujisimba. Karatasi aliyoandikia nenosiri ilipotea. Kifaa kilikuwa kinaruhusu majaribio 10, na yeye alikuwa ameshatumia 8. Kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Hakina namna ya kujua kwamba huyu anayekosea ndiye mwenye mali. Hivyo flashi ya namna hii isiwe kamwe mahali pekee ambapo kitu kipo. Nakala ya akiba iwepo, nayo iwe imesimbwa, ikae kwingine. Chipu ikiungua hakuna fundi wa kukurejeshea chochote, kwa sababu ile ile inayomzuia mwizi.

Kwa taasisi, chagueni vifaa vyenye namba mbili za siri: ya mtumiaji na ya msimamizi. Mtumiaji akisahau yake, msimamizi anafungua na kumpangia nyingine. Namba ya msimamizi isikae kichwani mwa mtu mmoja. Iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, iwekwe kwenye sefu ambayo haimo ndani ya chumba cha vifaa. Namba iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza kabla kifaa hakijagawiwa. Mtumishi anapohama au kuacha kazi, flashi irudi mkononi mwa aliyeitoa, ufunguo uharibiwe, kifaa kiandaliwe upya mbele ya mashahidi wawili, na rejista isainiwe.

Na kifaa kilichopotea kikipatikana, msifurahi haraka. Kimekuwa mikononi mwa nani, na kimefanywa nini? Kikagueni mikunjo na gundi, msikichomeke kwenye kompyuta ya kazi, na kama mna nakala ya akiba, basi kisirudi kazini kabisa. Kiharibiwe. Bei ya flashi moja ni ndogo mno ukilinganisha na kukaa na mashaka kwa mwaka mzima.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeleta flashi tatu, ziko mezani hapa mbele, na kila moja ina faili moja ndani. Wakati wa mapumziko njooni mzishike. Bonyezeni namba za kukisia, mkosee makusudi mpaka kihesabu kiishe, mtazame taa zinavyobadilika, kisha ndugu zetu wa TEHAMA walete programu zao za kurejesha mafaili tuone watapata nini. Maswali magumu ya ununuzi nitayajibu hapo hapo mezani, kifaa kikiwa mkononi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.